Bunduki Zilizopita Mikononi mwa Urho

Kulungu aliyepigwa risasi ya tumbo ananuka hata kabla hujamfungua. Mimi nawachunia watu kulungu wao na kuwakatia nyama kila Novemba, huu mwaka wa ishirini na sita, kwenye kibanda kilicho nyuma ya nyumba yetu, na sihitaji kuambiwa. Gari likisimama tu najua. Ni harufu ya majani yaliyochacha na mavi na damu, inaingia kwenye nywele na haitoki mpaka uingie sauna mara mbili. Ukimfungua, nusu ya nyama ni ya kutupa. Mnyama amekimbia saa nzima matumbo yamepasuka, kwa sababu kuna mwanamume aliyeona haya kusema kwamba mkono wake hautulii.

Mwanamume mwenyewe ni shemeji yangu, Urho Kemppainen, kaka mkubwa wa mume wangu Taisto. Nataka kumsimulia sasa hivi nikiwa na hasira, maana nikisubiri ipoe nitaanza kumsifu kama wanavyomsifu wote hapa kijijini, na sifa ndizo zilizotufikisha hapa.

Kusifiwa anastahili, sikatai. Miaka thelathini na moja alikuwa karakana ya mgodi wa chuma, akichonga vyuma kwa mashine, na mgodi ulipopunguza watu alirudi nyumbani na mikono iliyozoea kupima vitu vyembamba kuliko unywele. Huku kwetu rasi ya juu ya Michigan msimu wa kulungu unafunguliwa tarehe kumi na tano Novemba, iwe Jumapili iwe Jumatano, na siku hiyo hata shule zinafungwa. Mtu asiye na bunduki siku hiyo hajui akae wapi. Lakini bunduki nzuri ni ghali, na mgodi ulipofungwa watu wakakimbilia zile za bei rahisi, za komeo la kuvuta kwa mkono, zenye kitako cha plastiki, zinazouzwa dukani rafu moja na viatu vya mpira na chakula cha mbwa. Ukibana plastiki yake kwa kiganja inabonyea mpaka inaegemea mtutu. Komeo linakwaruza. Kifyatulio ni kigumu, unavuta na kuvuta mpaka unasahau ulikuwa unalenga nini.

Hizo ndizo Urho alizozigeuza. Alikwangua plastiki iliyogusa mtutu, akamimina gundi ngumu mahali chuma kinapolala ndani ya kitako ili kisicheze, akasugua komeo kwa msasa laini mpaka likateleza, akabadilisha springi ya kifyatulio na kupitisha tupa pale palipokwaruzana. Mtu alileta kitu cha dola mia tatu na kitu, akaondoka na bunduki inayoweka risasi tatu kwenye tundu moja kwa hatua mia. Malipo yalikuwa gunia la viazi, au kuni, au samaki wa kukaushwa kwa moshi. Na ile karatasi ya shabaha yenye tundu moja, wanaume wa huku wanaikata na kuibeba kwenye pochi. Taisto anayo yake. Picha yangu hana.

Mke wa Urho, Helmi, alikuwa anasema kwamba yeye ni mke wa pili, mke mkubwa ni jiliwa la gereji, lile la kubania vyuma. Alikufa Machi mwaka juzi, na baada ya hapo ndipo nilipoanza kuona mkono. Alikuja kula kwetu Jumapili, nikammiminia kahawa, akashika kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyetoka kwenye baridi. Tulikuwa Julai. Jumapili iliyofuata nikamjazia nusu tu, isimwagike. Hakusema kitu, nami sikusema kitu, na hivyo ndivyo tulivyoendelea. Sisi watu wa asili ya Kifini tunajivunia kunyamaza, tunakuita adabu. Mimi siku hizi nakuona ni uchafu tu.

Novemba ile akaleta kulungu wa tumbo. Urho! Mtu ambaye alimfundisha nusu ya kijiji kusubiri mnyama ageuke ubavu. Nilimfungua nikiwa nimeziba pua kwa leso, nikatupa mapaja yote mawili, nikawapa mbwa wa jirani na mbwa wakasita.

Badala ya kwenda kwa daktari, akaenda gereji. Majira yote ya baridi alifanyia kazi bunduki yake mwenyewe, ya bei rahisi vilevile kama za wengine, na kila wiki posta ilimletea kifurushi. Akaifungia mtutu mzito. Akaiwekea miguu miwili ya kuegemea, darubini nene ya kuona kiroboto, na chuma cha matundu mdomoni cha kupunguza teke, ambacho kinapasua masikio ya aliye pembeni. Mwisho akakishughulikia kifyatulio, akakifanya chepesi hata ukikipumulia kinafikiria kufyatuka. Wanaume walikuja kuizunguka wakisema "looo" kama waliokuja kuona mtoto mchanga. Mimi niliona jambo moja tu. Miguu miwili ni ya mtu asiyeweza kuishikilia bunduki. Mtutu mzito ni wa kuzima mtetemo. Kifyatulio chepesi ni cha mtu ambaye akivuta kwa nguvu, bunduki nzima inacheza. Mzee alikuwa anajitengenezea mkono mpya kwa posta, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Sasa ngoja nieleze kwa nini hawakuthubutu, maana hapo ndipo kinyaa changu kinapoanzia. Kambi yao ya uwindaji ni kibanda cha magogo kando ya kijito, na ina desturi moja kubwa kuliko zote. Ukipiga ukakosa, wenzako wanakukalisha kwenye kiti, wanakata pindo la nyuma la shati lako kwa mkasi, wanaandika jina na mwaka, wanalipigilia msumari ukutani. Ukuta umejaa vitambaa. Leroy Beauchamp, rafiki yao, Mfaransa wetu, ana vipande kumi na tisa na anavionyesha kama vyeti. Mume wangu ana vinane. Urho, miaka thelathini na sita, hana hata kimoja. Hata yule wa tumbo walisema alipatikana, kwa hiyo si kukosa. Wanaume wazima wenye wajukuu wamekifanya kile kitambaa kisichokuwepo kuwa kitu kitakatifu.

Msimu uliofuata, ile bunduki ya posta ikafyatuka yenyewe. Nilijua kwa kinywa cha Leroy, akiwa jikoni kwangu anakula mkate wangu wa iliki bila kualikwa.

"Mama Paavo, shemeji yako nusura anitoboe sikio nivae hereni."

"Unasema?"

"Alikuwa anaishusha begani pale mlangoni kambini. Tuh! Ikapita hapa," akaonyesha kando ya shavu, "ikatoboa ukuta wa sauna, ikaua ndoo."

"Mkafanyaje?"

"Tukaziba ukuta kwa ubao. Ndoo tumeizika kwa heshima zote."

Taisto akacheka mpaka akajifuta machozi. Nikamwangalia mume wangu, mtu niliyezaa naye watoto watatu, anavyocheka risasi iliyopita kidole kimoja kutoka kwenye shavu la rafiki yake.

"Na Urho alisemaje?" nikauliza.

"Urho? Alisema kahawa imepoa," akajibu Leroy.

Leroy alipoondoka nilimkalisha Taisto. Nikamwambia aongee na kaka yake, amwambie bunduki basi, vinginevyo mwaka ujao watabeba mtu badala ya kulungu. Akasema ataongea baada ya msimu. Baada ya msimu ikawa baada ya Krismasi. Baada ya Krismasi ikawa barafu ikiyeyuka ziwani. Barafu ikayeyuka, mbu wakaja, mbu wakaondoka, majani yakaanguka, na tarehe kumi na tano ikafika wote watatu wakapanda gari moja, Urho katikati, hiyo bunduki magotini. Nilisimama dirishani nikawatazama mpaka kona. Nilikuwa nafikiria nitavaa nini msibani, na msiba wa nani.

Siku ya pili, saa sita mchana, wakarudi wanapiga honi. Dume, pembe nane, tiketi ya Urho, kibali chake cha kulungu mmoja, imefungwa kwenye pembe.

"Mfalme kaua tena!" Leroy anapiga kelele kabla gari halijasimama. "Mama Paavo, noa kisu! Risasi moja, bega, chali!"

"Nani kaona?"

"Mimi nimeona! Taisto kaona! Hata kulungu kaona, ila hawezi kusema."

Nikanusa. Hakukuwa na harufu. Nikageuza mnyama: tundu moja, safi, nyuma ya bega, pale hasa panapotakiwa. Nikamtazama Urho. Alikuwa amesimama kando, mikono mifukoni, anaangalia banda la kuku.

"Hongera, shemeji."

"Mm."

"Mkono umerudi?"

"Bahati tu," akasema, akaingia ndani kula pamoja na wenzake.

Nikamtundika mnyama, nikaanza kuchuna. Upande wa pili, chini ya ngozi, kisu kikagusa kitu kigumu. Nikakitoa, nikakisafisha kwenye aproni. Ilikuwa risasi, imefunguka petali sita, nyekundu yote. Shaba tupu.

Hapa lazima niseme jambo. Miaka tisa iliyopita nilikataa risasi za risasi nyumbani kwangu, yaani zile za madini laini, kwa sababu zinapasuka vipande vidogo ndani ya nyama na mimi ndiye ninayevitoa, na wajukuu ndio wanaokula nisivyoviona. Taisto alinung'unika kwa sababu shaba ni ghali, lakini alinunua. Leroy na wengine walimcheka, wakasema anawinda kwa vito vya mke wake. Katika kambi nzima anayepiga shaba ni mmoja.

Nikafungua mlango wa jikoni. "Taisto. Njoo unishikie mguu."

Akaja, mdomo umejaa nyama na viazi. Nikamwonyesha kiganja.

"Hii nini?"

"Risasi."

"Ya nani?"

Akatazama dari.

"Nakuuliza ya nani, maana ninayemjua anayepiga shaba huko analala kitandani kwangu."

"Sema polepole, kaka atasikia."

"Asikie!"

"Tulipiga pamoja, mama. Mabanda yetu ya kuvizia yanaangaliana. Labda yake imepita ikatoka."

"Huyu ana tundu moja. Moja. Mimi ndiye niliyemchuna. Unataka nikuvishe ngozi yake ujipapase?"

Akameza alichokuwa anatafuna. Akakaa juu ya ndoo.

"Mwaka jana je?" nikasema.

"Mwaka jana alikuwa Leroy."

"Mungu wangu."

"Sasa ulitaka nifanyeje? Kaka hajawahi kukatwa shati. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika bunduki. Mimi nimshikie mkasi?"

"Kwa hiyo bora akuue."

"Haitafika huko."

"Ilishafika kwenye ndoo, Taisto! Unamwambia mtu asiyeona kwamba anaona, halafu unampa usukani na wewe unakaa mbele ya gari!"

"Amebaki na nini yule mzee?" akasema. "Helmi hayupo. Mgodi hakuna. Amebaki na nini?"

Nikamfungulia mlango. Nikamwambia atoke, nikaendelea kukata. Nilikata nyama ile vibaya, najua, nikaharibu minofu ya mgongo. Nilikuwa nachukia kila mtu aliyekuwa upande wa pili wa ukuta, wanavyocheka na kugonga vikombe, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake anajua.

Walirudi kambini Taisto na Leroy, maana wao tiketi zao zilikuwa bado. Urho hurudi kwake akishapata kulungu wake, kwa sababu msimu ndio wakati gereji yake inajaa: huyu darubini imegongwa mlangoni, yule komeo limeganda kwa baridi. Kesho yake asubuhi nikaitia ile shaba mfukoni nikaenda.

Jiko la kuni lilikuwa linaunguruma. Kwenye jiliwa kulikuwa na bunduki ya mtu, imefunguliwa nusu, na Urho ameiinamia na bisibisi, miwani imemshuka puani. Nikaweka shaba mezani mbele yake. Sikumwamkia.

Akaitazama. Hakuigusa.

"Ya Taisto," akasema.

"Kwa hiyo unajua."

"Nimezitengeneza bunduki zote za kambi ile. Nisijue?"

"Basi nisikilize, shemeji. Mimi si Taisto, mimi sikuogopi. Mkono wako umekwisha. Kila mtu anauona, na kila mtu anafumba macho ili usione haya. Unatembea na kifyatulio cha pumzi katikati ya watu wangu. Leo nimekuja kuichukua bunduki ile, na hutaenda nayo msituni tena, wewe hata ukichukia. Kama ni kunichukia, nichukie."

Niliyasema kwa pumzi moja. Nilikuwa nimeyabeba miaka miwili na nusu. Urho akaweka bisibisi chini. Akaenda ukutani, akaishusha bunduki yake kwa shida, ile miguu miwili ikapiga meza. Akavuta komeo akalitoa zima, akalizungusha na kulifungua, akanipa.

"Angalia ndani."

Nimeolewa katika ukoo huu miaka arobaini na moja. Najua ndani ya komeo kunatakiwa kuwe na sindano, ile inayogonga kitako cha risasi. Hakukuwa na kitu. Ni tundu tu.

"Tangu siku ya ndoo," akasema. "Niliitoa kesho yake, nikaitupa mtoni. Misimu miwili natembea na gongo."

"Hujapiga risasi hata moja?"

"Hata moja. Wanapiga wao, halafu wanakuja mbio wananikumbatia. Umempata kaka, umempata! Ningesema nini?"

"Ungesema sijapiga. Basi!"

"Wanafurahi sana, Irja," akasema. "Huwaoni wanavyofurahi."

Nikakaa kwenye kigoda. Sikujua nicheke au nilie. Mume wangu na Leroy wamejificha nyuma ya uongo wao wakidhani wanamlinda, na yeye amekaa kimya ndani ya uongo wake akidhani anawalinda wao, na katikati kuna wanyama wawili wenye tiketi ya mtu ambaye hakupiga, jambo ambalo askari wa wanyamapori angewafunga kwalo wote watatu. Ilinikirihi. Lakini pia, nisidanganye, nilipata ahueni. Taisto hangeuawa na kaka yake. Nilikaribia hata kumwomba radhi. Nilikuwa nimemwona ni mzee mkaidi na kumbe alikuwa na akili kuliko sisi wote. Alijua mkono wake hauaminiki, akaing'oa bunduki yake meno.

Nikanyanyua macho, nikaiona tena ile bunduki kwenye jiliwa.

Na nyuma yake, kwenye rafu, nyingine tano, kila moja ina kikaratasi cha jina kimefungwa kwa uzi.

"Na hizi?" nikasema.

"Za watu."

"Unazifanya nini?"

"Yaleyale. Kitako, komeo."

"Na vifyatulio?"

Akachukua bisibisi, akaiweka tena. "Watu wanataka vyepesi. Wameiona yangu."

"Kwa mikono gani, Urho?"

Akasukuma ukuni ndani ya jiko. Jiko likaunguruma.

"Nakuuliza. Sindano ya bunduki yako umeitupa mtoni kwa sababu mikono yako huiamini. Hizi za watu unazitengeneza kwa mikono gani?"

"Mezani hautetemeki sana. Nikiegemeza kiwiko."

"Unazigonga?"

Hapo akageuza uso. Hakuna bunduki iliyowahi kutoka kwenye gereji ile bila kugongwa. Ilikuwa sheria yake: anafunga komeo likiwa tupu, anapiga kitako kwa nyundo ya mpira mbele ya mwenyewe, mara tatu, na kifyatulio kisipojiachia ndipo anampa. Nimeiona mara mia. Helmi alikuwa akisikia ile nyundo anajua aweke kahawa jikoni.

"Nilikuwa nazigonga," akasema.

"Halafu?"

"Nikaacha."

"Kwa nini uliacha?"

Akaisukuma ile nyundo ya mpira nyuma ya rafu, na jibu lilikuwa hilo. Ziliwahi kujiachia. Aligonga moja ikajiachia, akairudia, akagonga nyingine, na badala ya kufunga gereji akaacha kugonga. Ule mkono aliouogopa mwenyewe akawagawia majirani, mmoja mmoja, na wakamletea viazi na kumshukuru. Ile nafuu iliyonishika dakika moja nyuma iligeuka kichefuchefu kabisa. Tumbo la kulungu halijawahi kunitia kinyaa kama kile nilichokihisi nikimtazama mzee yule mpole na miwani yake.

"Niandikie majina," nikasema. "Wote tangu Helmi afe. Vifyatulio vyote."

"Irja, msimu unaendelea. Utawatia watu wasiwasi."

"Andika!"

Akachukua penseli na nyuma ya kalenda akaandika, ulimi umetoka kidogo kama mtoto wa shule. Aliandika muda mrefu. Nilipoichukua ile karatasi sikuweza kusoma hata jina moja. Ilikuwa mistari tu, inapanda na kushuka. Naye aliiona, akaiona kwa macho yangu, akavua miwani. Nikageuza karatasi, nikachukua penseli mimi.

"Taja."

Akataja kumi na mmoja. Niliwajua wote. Mmoja ni mwalimu wa mjukuu wangu, mmoja ni mchungaji wetu.

"Na wa kwanza mwaka huu?" nikasema, maana alipofika mwaka huu nilimwona amesita, kana kwamba anaruka mtu.

"Taisto," akasema. "Agosti. Aliniomba mwenyewe. Alisema anapenda kuniona nina kazi."

Nikaendesha gari kwenda kambini na theluji ilikuwa inaanza. Kila baada ya muda mfupi nasikia mlio, upande huu, upande ule, kama kila mwaka siku ya tatu, na kila mlio nilijiuliza ni wa mtu aliyevuta au wa bunduki iliyoamua yenyewe. Nikaacha gari njiani, nikaingia msituni kwa miguu nikipiga kelele, kitu ambacho mwanamke wa huku hakifanyi mwezi wa Novemba. Taisto akachungulia kwenye banda lake juu ya ngazi.

"Umechizi? Unanifukuzia kulungu!"

"Iache bunduki hukohuko juu, shuka!"

Akashuka nayo begani, bila shaka. Ngazi ina vipandio kumi na viwili vyenye barafu, na kwa kila kimoja kile kitako kiligonga mti. Nilihesabu. Mtutu ulikuwa umeelekea mbele, na mbele, hatua arobaini katikati ya misonobari, niliiona kofia ya Leroy ya rangi ya chungwa. Akanipungia mkono.

"Toa risasi," nikamwambia mume wangu.

"Kuna nini?"

"Toa risasi, zote. Funga komeo likiwa tupu. Gonga kitako chini."

Alinitazama usoni, akatoa. Shaba zake nne nyekundu zikaanguka kwenye theluji. Akafunga, akainua bunduki kidogo tu, akaigonga kwenye ardhi iliyoganda kama mtu anayebisha hodi.

Tak.

Kifyatulio kilijiachia bila kidole. Akavuta komeo tena. Akagonga, polepole zaidi.

Tak.

Akaacha kugonga. Akatazama ngazi. Akatazama kofia ya Leroy. Nilidhani sasa ameelewa, nilidhani miaka hii ya kunyamaza imefika mwisho pale miguuni pake. Akasogea karibu nami, akashusha sauti.

"Leroy asijue," akasema. "Watamsema vibaya kaka."

Nikamnyang'anya bunduki mkononi. Kisha nikamgeukia Leroy, nikamwita kwa sauti yangu yote.